Ameniwekea thala ya 1780 kwenye maonesho ya sarafu. Niinunue?

Shikamoo Mjomba,

Ninakusanya sarafu kwa miaka kadhaa sasa. Nyingi ni za bei ndogo, nimezipata kwa kubadilishana na wenzangu au kununua mojamoja mtandaoni. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, nitakwenda kwenye maonesho makubwa ya sarafu, yale yenye mamia ya meza za wauzaji chini ya paa moja. Nimejiwekea akiba ya safari hiyo. Mume wangu anajua ni kiasi gani na ameridhia, ila tumekubaliana kwamba zikiisha zimeisha, nisiguse za nyumbani.

Kuna mambo matatu yananinyima usingizi. La kwanza ni muuzaji mmoja niliyefahamiana naye mtandaoni, ambaye naye atakuwa na meza huko. Anasema amenitengea thala, ile sarafu kubwa ya fedha, ya Maria Theresa ya mwaka 1780, "halisi, ya enzi za malkia mwenyewe". Anasema pia kwamba wateja wengine wawili wanaiulizia, kwa hiyo niwe mezani kwake siku ya kwanza, milango ikifunguliwa tu, pesa mkononi. Picha alizonitumia ni nzuri kweli. Lakini bei yake itakula zaidi ya nusu ya akiba yangu. Naona haya kumkatalia kwa sababu amenifundisha mengi bila kunidai kitu.

La pili ni shemeji yangu. Ananishauri niachane na sarafu ndogondogo, pesa zote niziweke kwenye sarafu moja ya dhahabu iliyofungwa kwenye kasha la plastiki lenye daraja, kwa kuwa huo ndio uwekezaji.

La tatu ni woga tu. Sijui watu wanaenendaje ndani ya ukumbi kama huo. Mteja anaruhusiwa kushika sarafu? Kuomba apunguziwe si utovu wa adabu? Na nikiangalia kisha nikaondoka bila kununua, si nitaonekana msumbufu?

Nisaidie, Mjomba.

Mpwa wako mwenye hamu na hofu

*

Marahaba mpwa wangu, na hongera kwa kumshirikisha mumeo kabla pesa haijatoka.

Nianze na thala, maana ndiyo unayoharakishwa.

Maria Theresa wa Austria alifariki tarehe 29 Novemba 1780. Wakati huo sarafu yake kubwa ya fedha ilikuwa imeshazoeleka kwa wafanyabiashara wa mashariki, na katika miaka iliyofuata ikatamba Uarabuni, Ethiopia na kote kwenye Bahari ya Shamu, hadi pwani ya Afrika Mashariki. Watu waliiamini kwa sura yake, wakaikataa iliyobadilishwa. Kwa hiyo iliendelea kuchapwa baada ya yeye kuzikwa, kwa picha ileile na mwaka uleule wa 1780. Vienna imeichapa kizazi hadi kizazi na mpaka leo inaichapa. Katika karne ya 20 ilichapwa pia Roma, London, Paris, Brussels, Bombay na Birmingham. Iliyochapwa 1780, iliyochapwa 1850 na iliyochapwa juzi, zote zimeandikwa 1780. Mwaka ulioandikwa hapo haukuambii kitu kuhusu umri wa sarafu unayouziwa.

Hizo za baadaye si feki, hilo nisisitize. Ni sarafu za fedha ya kweli, za uzito uleule wa gramu 28 na kidogo, kipenyo cha kama milimita 40, zenye sehemu 833 za fedha safi katika kila 1,000. Mtu anaweza kuipenda na kuiweka kwenye mkusanyiko wake bila aibu yoyote. Tofauti ipo kwenye bei. Iliyochapwa karibuni huuzwa kwa thamani ya fedha iliyomo na nyongeza kidogo. Ile ya mwanzo kabisa ni kitu kingine. Sasa neno "halisi" analolitumia muuzaji wako linaweza kumaanisha mojawapo kati ya hizo mbili, na wewe unaombwa kulipa bei ya ile ya pili.

Ukitazama chini ya kifua cha malkia utaona herufi S.F. Ni za maofisa wawili wa kiwanda cha sarafu cha Günzburg, na wapo wanaozionesha kama ushahidi kwamba sarafu ni ya zamani. Si ushahidi, kwa sababu matoleo ya baadaye yameziiga herufi hizohizo. Wajuzi hutazama vitu vidogo zaidi: bruchi (pini ya pambo) iliyo begani na lulu zake, lulu za kwenye taji dogo la kichwani, manyoya ya mkia wa tai upande wa pili. Katalogi za sarafu hii zimepanga matoleo yake kwa tofauti za namna hiyo. Halafu igeuze utazame ukingo. Panapaswa kuwa na maandishi yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yenye mapambo katikati ya maneno. Sarafu feki iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi huumbuka hapo: herufi zimefifia, zinateleza kama sabuni iliyotumika, au kuna mstari mwembamba umezunguka ukingo mzima pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Picha za mtandaoni ni za uso na mgongo. Ukingo hauonekani.

Hapa ndipo maonesho makubwa yanapokuwa na faida ambayo mtandao hauna, na ningependa uishike kuliko lingine lolote nitakalosema: unaweza kulinganisha. Thala ni sarafu ya kawaida mno. Kwenye ukumbi wa ukubwa huo utazikuta kwenye meza nyingi, na wauzaji wa sarafu za Austria na Ujerumani watakuwa nazo za vipindi mbalimbali. Shika kadhaa kabla ya kufika kwa rafiki yako. Tazama bruchi ya hii na ya ile. Uliza kila mmoja, "Hii ilichapwa wapi, na umejuaje?" Ukimaliza mzunguko huo macho yako yatakuwa yamejifunza kitu ambacho mimi siwezi kukuandikia.

Kuhusu wale wateja wawili wanaoiulizia, inawezekana wapo. Hata kama wapo, sarafu iliyo ya kweli haipungui ukweli kwa kusubiri muda wa saa tatu. Muuzaji anayejua alichonacho hatishwi na mnunuzi anayetaka maoni ya mtu wa pili.

Na wema wake? Ni wema wa kweli, mshukuru kwa maneno, mnunulie kitu kidogo unachokitaka. Nusu ya akiba yako si deni unalodaiwa kwa kufundishwa. Mwandikie leo, kabla ya safari, maneno mepesi tu: "Kaka, asante kwa kunitengea. Tafadhali nieleze ilichapwa kiwanda kipi na kipindi gani, na ni namba gani kwenye katalogi. Nitapita mezani kwako mchana wa siku ya kwanza niione. Kama mwingine ataihitaji kabla ya hapo, mpe tu." Jibu litakalorudi litakufundisha mengi kuhusu sarafu na kuhusu yeye. Akijibu kwa namba na maelezo, vizuri, nenda ukaione. Akijibu kwa kununa, umeokoa pesa.

Shemeji yako sasa. Hakosei kuhusu kasha lenyewe. Kampuni mbili kubwa za Marekani, PCGS iliyoanza kupokea sarafu 1986 na NGC iliyoanza 1987, huikagua sarafu, huipa daraja kati ya 1 na 70, kisha huifunga kwenye kasha gumu la plastiki lenye namba yake. Kipimo hicho kinatokana na kazi ya mkusanyaji sarafu William Sheldon ya mwaka 1949. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambazo hazijawahi kuingia kwenye mzunguko. Kwa aina fulani za sarafu mimi mwenyewe nisingekubali kununua bila kasha. Chukua senti kumi ya Marekani ya 1916 iliyochapwa Denver. Zilitengenezwa 264,000 tu, wakati Philadelphia mwaka huohuo ilitoa zaidi ya milioni 22. Tofauti pekee kati ya ile adimu na ile ya kila siku ni herufi D ndogo sana mgongoni, na matapeli wamekuwa wakiibandika hiyo D kwenye sarafu za Philadelphia miaka mingi. Mtu mwenye lenzi na uzoefu mdogo hawezi kushindana nao.

Ila kasha nalo hughushiwa. Ukiwa hapohapo mezani, ingiza namba ya kasha kwenye tovuti ya kampuni kwa simu yako, ni bure. Hakikisha aina, mwaka na daraja vinalingana, na kama picha ipo, tafuta mkwaruzo mmoja au doa moja kwenye picha, kisha ulitafute kwenye sarafu iliyo mkononi. Namba ikilingana na alama isilingane, rudisha kasha taratibu, shukuru, ondoka.

Ninapotofautiana na shemeji ni kwenye neno uwekezaji. Unaponunua mezani unalipa bei ya rejareja. Siku utakayouza, muuzaji atakupa bei ya kununulia, ambayo ni lazima iwe chini ili naye apate. Pengo hilo liko palepale tangu dakika unayotoa pesa. Kwenye sarafu za dhahabu za kawaida, kama soverini ya Uingereza ya gramu 7.99 na karati 22, zile za miaka iliyo mingi huuzwa karibu na thamani ya dhahabu iliyomo. Mtu akikuuzia soverini ya mwaka wa kawaida kwa mara mbili ya dhahabu yake kwa sababu imefungwa kwenye kasha, anakuuzia plastiki. Na daraja zinapopanda, bei huweza kuruka mara kadhaa kwa hatua moja tu ambayo jicho lako bado haliwezi kuiona. Kulipia tofauti usiyoiona ni mapema mno kwako.

Mwambie shemeji kwa heshima kwamba akiba hii ni ya mkusanyiko. Kama familia inataka dhahabu, hilo ni jambo la kukaa na mumeo mlizungumze, kwa pesa nyingine.

Haya, ukumbini.

Kabla ya kwenda, andika kwenye karatasi sarafu unazozitaka, na mbele ya kila moja andika bei ya juu kabisa utakayolipa. Bei hizo zitafute kwenye matokeo ya minada iliyopita, usitegemee bei wanazotangaza wauzaji. Beba lenzi ya kukuza mara tano hadi kumi, mizani ndogo ya kidijitali, na simu yenye chaji ya kutosha. Chukua ramani ya ukumbi mlangoni, weka alama kwenye meza zinazouza unachotafuta. Mzunguko wa kwanza usinunue kitu. Najua ni vigumu, vidole vitawasha. Andika namba ya meza na bei, endelea kutembea. Ni kweli kwamba siku ya kwanza ndiyo yenye uchaguzi mpana, na kitu adimu chenye bei nzuri kinaweza kuondoka, maana wauzaji wenyewe huuziana kabla hata umma haujaingia. Lakini vitu vya kiwango chako na changu havikosekani kwenye meza ya tatu au ya kumi. Siku ya mwisho baadhi ya wauzaji hulegeza bei, ila wengine huwa wameshafunga mizigo mapema, kwa hiyo usiiwekee matumaini yote.

Kushika sarafu kunaruhusiwa, ukiomba. "Naomba kuiona hii" inatosha. Usiingize mkono kwenye sanduku la kioo, subiri akutolee. Omba moja kwa wakati mmoja, rudisha, ndipo uombe nyingine. Muuzaji akiwa na sarafu tatu zake mikononi mwa watu watatu hana amani. Ishike kwa ukingo kati ya kidole gumba na cha shahada, juu ya meza au juu ya kitambaa alichotandika, kamwe si juu ya sakafu. Ikiwa kwenye kifuko, usiitoe bila kuuliza. Begi lako likae chini, usiliweke juu ya meza ya mtu. Na sheria moja isiyoandikwa ambayo wageni huivunja bila kujua: sarafu iliyo mkononi mwa mteja mwingine, au anayoipatania bei, si yako kuiulizia. Subiri aiweke chini. Hata ukiwa na pesa mara mbili yake, subiri.

Ukishaipata mkononi, tafuta taa moja ya mezani, iweke sarafu chini yake, kisha iinamishe polepole na kuizungusha. Sarafu ambayo haijatumika wala kusuguliwa ina mng'ao unaotembea: utaona miale ya mwanga ikizunguka uso wake kama tindi za gurudumu. Iliyosafishwa haina miale hiyo. Inang'aa mahali pote sawasawa, mwanga umeganda, na chini ya lenzi utaona michirizi myembamba mingi iliyoelekea upande mmoja, njia ya kitambaa au ya dawa ya kusugulia. Tazama pia pembeni ya herufi na kwenye mikunjo ya nywele. Ukikuta uchafu mweusi umebaki kwenye mashimo wakati uwanja, yaani sehemu tupu ya uso, unameremeta, hiyo imesuguliwa. Sarafu ya zamani iliyoshika rangi ya kijivu au kahawia kwa utulivu ina thamani kuliko iliyofanywa ing'ae. Wanunuzi wapya karibu wote huvutwa na ile inayometameta, na wapo wauzaji wanaolijua hilo. Hapo tena linganisha: omba uoneshwe mbili za aina moja, iliyosafishwa na isiyosafishwa, ziweke bega kwa bega chini ya taa. Muuzaji mwema atafurahi kukuonesha, na ukumbi una wengi wa namna hiyo kuliko unavyodhani, hasa nyakati ambazo meza yake haina watu.

Kuomba punguzo si utovu wa adabu hata kidogo. Utovu ni kuiponda sarafu ya mtu ili ashuke: "hii imechakaa", "kule nimeona nzuri zaidi". Uliza tu, "Bei yako ya mwisho ni ngapi?" kisha nyamaza. Akitaja, linganisha na karatasi yako. Ikizidi, sema asante. Ikiwa imekaa sawa, usiendelee kumkamua. Anakumbuka sura, na mwaka kesho utapita tena pale. Ukinunua mbili tatu kwa mmoja, taja bei ya jumla, hapo huwa kuna nafasi. Wengi hufurahia pesa taslimu. Na kuondoka bila kununua ndilo jambo la kawaida kuliko yote ukumbini, usilionee haya.

Mzigo wowote wenye uzito kwenye akiba yako udai risiti yenye jina la muuzaji, maelezo kamili ya sarafu na neno lake kuhusu uhalisia. Muulize kwa sauti kama atairudisha ikithibitika si ya kweli, na aandike. Kwa thala hiyo hasa, aandike kipindi anachodai. Asipokubali kuandika alichokuwa tayari kukitamka, bei ya enzi za malkia usimpe.

Kama kuna mnada jioni, hudhuria utazame, ni darasa zuri. Ukitaka kushindana, kumbuka kwamba juu ya bei ya nyundo, yaani ile mnada ulipofungwa, huongezwa ada ya mnunuzi, mara nyingi karibu moja ya tano. Ipigie hesabu kabla ya kunyoosha mkono.

Ukitoka, vua kitambulisho cha maonesho shingoni ukiwa bado ndani ya jengo. Wezi huwajua wageni wa ukumbi kwa kamba ile. Usizungumzie ulichonunua kwenye lifti wala mezani kwa chakula, na usiache sarafu ndani ya gari hata kwa dakika tano. Nyumbani, hamisha zote kutoka kwenye vifuko laini vya PVC (aina ya plastiki) kwenda kwenye vifuko vya poliesta, kwa sababu PVC ikikaa hutoa utando wa kijani unaokula uso wa sarafu. Lebo ya kila moja iandike usiku huohuo: ilitoka meza ipi, kwa bei gani, na kwa nini uliichagua yenyewe ukaziacha zile nyingine.

Mjomba